Mtoto Asiyeitwa

Ombati alipokufa, mwaka wa sitini na saba, kijiji kizima cha Tabaka kilimlilia, isipokuwa mwanawe Manasseh. Alichimba kaburi, akafukia, akanawa mikono, akarudi kuchonga mawe. Watu wakanong'ona, ati ana moyo mgumu. Mgumu! Wangemwona akiwa na miaka minane, amesimama ndani ya shimo la mawe toka asubuhi hadi giza likaingia, kwa kuwa baba alimwambia asitoke, kisha baba huyo akaenda zake pombeni akamsahau. Na mtoto aliporudi, babake akamchapa kwa kuchelewa nyumbani. Mtenda husahau, jamani, mtendewa hasahau.

Mwaka uliofuata Persis, mke wa Manasseh, akajifungua mtoto wa kiume, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwa Wakisii mtoto hupewa jina la mkubwa aliyekufa. Ndiyo heshima ya marehemu, na wazee husema anayemnyima heshima hiyo hujitakia msiba. Mong'ina, mamake Manasseh, alimpakata mjukuu akasema pale pale, "Ombati amerudi."

"Mama, jina lolote," Manasseh akasema. "Lolote, ila hilo."

"Unataka mtoto afe?"

Manasseh akatoka nje. Mama huyu ndiye aliyekuwa akiketi jikoni akichambua mboga huku mwanawe akipigwa uani. Kubishana naye leo angeanzia wapi?

Basi mtoto akawa Ombati, na tangu siku hiyo majirani wakamwita Manasseh "Baba Ombati". Kila salamu ilimchoma. Yeye mwenyewe hakuweza kulitamka jina hilo. Alijaribu, msidhani hakujaribu! Akiwa peke yake penye mawe yake, alikuwa akilianza, na ulimi unamganda. Manasseh akamwita mtoto "wewe", au akampigia mluzi. Kumbeba pia hakumbeba.

"Mtoto amekosa nini?" Persis akamfokea siku moja. "Anakupenda, nawe unamkwepa kama ukoma!"

"Naiogopa mikono yangu," Manasseh akajibu. Hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote. "Mimi nikiitwa na baba, nilikuwa nikijikojolea. Huyu nataka siku nitakayomwita afurahi. Nivumilie, Persis."

Persis akavumilia. Mtoto naye akakua, mchangamfu, mtundu, anamfuata baba yake kila aendapo akimwita "tata", na baba anasogea mbali. Alipofika miaka mitano alimwuliza mamake kwa upole, "Mama, kwani tata hajui jina langu?" Persis akaingia ndani akalia.

Asubuhi moja Persis alikuwa uani na karai la maji, akisugua kwa msasa bakuli kubwa ambalo Manasseh alikuwa amelichonga kwa majuma. Jiwe lilikuwa limeng'aa, jeupe lenye mishipa ya waridi. Mtoto akaling'ang'ania ampelekee baba yake. Persis akamwachia. Lilikuwa limelowa, linateleza, na hakufika nalo mbali.

Manasseh alikuwa amewapa mgongo. Alisikia kishindo, akageuka, akaona vipande. Kabla hajawaza lolote alikuwa amesimama, tupa ya chuma iko mkononi, mkono uko juu.

"Ombati!"

Lo! Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ile ya babake, vile vile, na kuku wakatawanyika. Mong'ina akachungulia mlangoni, kisha akarudi ndani kimya kimya. Persis akaruka kutoka penye karai akijua amechelewa.

Lakini mtoto hakukimbia. Hakuwa amewahi kupigwa. Hakujua mkono ulioinuliwa maana yake nini. Alikanyaga vile vipande, akaja mbio kwa baba yake, uso umejaa furaha.

"Naam, tata!" Akageuka kumtazama mamake. "Mama, umesikia? Ameniita!"

Kisha akasimama miguuni pa Manasseh, akainua uso, akangoja kuambiwa alichoitiwa.