Aliyeitika Kwenye Migomba ya Sinyati

Chalii alikuwa anaitwa Mihambo. Kwenye ukoo wetu jina hilo halitajwi, na mkifika chini mtaelewa kwa nini. Humu nalitaja kwa sababu wazee hawana bando.

Alikuwa Mnyamwezi, mpagazi, aliyefika Arusha enzi za Mjerumani na mzigo wa watu kichwani. Kazi ilikuwa inamlipa fresh tu. Halafu reli ikafika Moshi, mizigo ikapanda treni, wapagazi wakabaki na vichwa vyao. Kodi nayo haikungoja mtu ajipange. Mihambo akaenda kupalilia kahawa kwenye shamba la mzungu mmoja kule bondeni, yeye na Wanyamwezi wenzake kibao.

Sasa jiulize. Mlima mzima umejaa Waarusha, kwa nini mzungu aagize watu wa mbali hivyo? Kwa sababu Mwarusha ana migomba na ng'ombe. Ameshiba zake, aje akuinamie kwenye kahawa yako ili iweje? Kibarua ni cha asiye na shamba. Mihambo aliliona hilo akiwa ameinama na jembe: ujira unaisha hata ukiubania, lakini mgomba unazaa wewe umelala. Shida ni kwamba shamba la mlimani lilikuwa haliuzwi. Ulikuwa unalipata kwa kuwa mtoto wa mtu.

Ndo akakutana na Sinyati. Mama mjane wa Sambasha, kule juu mlimani, alikuwa anashuka kuuza ndizi karibu na Boma la Wajerumani. Siku hiyo mkungu ulikuwa mzito, Mihambo akambebea mpaka juu, maana kubeba ndo digrii yake. Walipofika mama akamkagua mabega kama mtu anayepima ng'ombe mnadani, akamuuliza kama ana mama. Mihambo akasema alishafariki.

"Mimi mwanangu alikufa Wajerumani walipokuja na bunduki," Sinyati akasema. "Shemeji yangu Lerionka anasubiri tu. Boma lisilo na mwanaume, migomba inakuwa yake. Kaa hapa."

Mwamba hakuomba hata muda wa kufikiria. Akachinjiwa kondoo, akanyolewa, akatobolewa masikio, akapakwa mafuta, akavishwa kipande cha ngozi ya kondoo kidoleni. Kuanzia hapo akawa anamwita Sinyati yeyo, yaani mama, na yeye anaitwa mwanangu. Ukienda nje ya hapo, hakuna aliyemwita jina lolote. Lerionka tu ndo alikuwa akipita anamwita ormeeki, mtu baki, tena anatabasamu kabisa.

Mambo ya ajabu yalianza kwenye salamu. Watu walimsalimia vizuri, akajibu. Halafu macho yao yanahama kidogo, yanapita juu ya bega lake la kushoto, wanasalimia tena. Mihambo akadhani ni adabu za mlimani, naye akawa anasubiri salamu ya pili iishe ndo aendelee na safari.

Kisha shambani. Meru unaijua, saa sita mchana ukungu unashuka mpaka huoni mgomba wa tatu. Anapalilia nusu, anaenda kula, akirudi anakuta mbele ya pale alipoishia pamepaliliwa. Safi kabisa. Ila yeye hutupa udongo kulia, na huu ulikuwa umetupwa kushoto. Mwanzoni alifurahi, na we ungefurahi. Mfanyakazi mwenza asiyedai ujira, kwa mzungu angempata wapi? Ila siku alipoingia ndani, akakaa kwenye kigoda chake kilichokuwa mbali na moto, akakuta kina joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi, furaha ikaisha. Alimweleza Sinyati. Mama hakushtuka wala nini, akamwambia apalilie tu.

Hapa ndo jamaa alipoharibu, na aliharibu kwa nia njema. Kwao Unyamwezini huwezi kukaa kwenye mji wa marehemu bila kujitambulisha. Unamwaga pombe kidogo chini, unamwita kwa jina, unamwambia wewe ni nani na unataka nini. Ndo heshima. Lakini kwa Waarusha, mtu akishafariki jina lake halitoki tena mdomoni. Kule mzimu usipoitwa unakasirika. Huku ukiitwa unakuja. Chalii hilo hakulijua, na nani angemwambia wakati hata kulizungumzia hawataki?

Jina la yule mtoto wa Sinyati alilipata mjini, kwa Anyesi, dada mmoja wa Kiarusha aliyebatizwa na Walutheri na kuambiwa asiogope mizimu. Alilitaja huku anaangalia pembeni, kwa hiyo woga ulikuwa bado haujabatizwa vizuri. Lemayian.

Kesho yake mchana ukungu ulishuka mzito kuliko siku zote. Mihambo akasimama katikati ya migomba na kibuyu cha pombe, akamwaga, akaita kwa sauti, "Lemayian. Nimekuja kwa amani. Nipokee hapa kwako."

"Oe," sauti ikaitika.

Ilikuwa karibu mno. Akageuka kulia, hakuna mtu. Kushoto, migomba tu. Ndipo akasikia mdomo wake wenyewe bado uko wazi, na ulimi umekaa pale unapokaa mtu akimaliza kuitika.

Sinyati alikuwa njiani na kuni. Kuni zikaanguka. Na kwa bahati mbaya nyuma yake alikuwa anakuja Lerionka, naye alisikia yote, kuita na kuitika.

Lerionka hakupoteza muda, akakusanya wazee siku hiyo hiyo. Hoja yake ilikuwa kali: ormeeki kamtaja aliyekufa, kavunja mwiko, afukuzwe arudi kwenye kahawa ya mzungu, migomba irudi kwenye ukoo. Wazee wakaanza kutikisa vichwa kumuunga mkono. Mihambo aliona jembe la kibarua linamngoja kule bondeni, mpaka uzee.

Sinyati akasimama. "Shemeji, ulisikia nani anaitwa?"

Lerionka angejibuje bila kulitaja jina?

"Aliyeitwa ni mwanangu," mama akasema. "Aliyeitika ni mwanangu. Sasa hiyo migomba unamnyang'anya nani?"

Wazee wakamtazama Mihambo. Safari hii macho hayakupita juu ya bega. Yalitua usoni pake, yakakaa hapo hapo, na mmoja mmoja wakamsalimia. Mara moja tu.

Lerionka alikubali kushindwa, ila hakuondoka mikono mitupu. "Sawa," akasema taratibu. "Kama huyu amerudi, basi yule Mnyamwezi ndiye amekufa. Na aliyekufa hatajwi."

Hakuna aliyepinga. Hata huyo Mnyamwezi mwenyewe.

Akaoa, akazaa, migomba ikajaa. Masikio yakavutika mpaka karibu na mabega, Kimaa, lugha ya Waarusha, kikamtoka kama maji. Akawa anatupa udongo kushoto. Miaka ikaenda, na siku moja adhuhuri mtu mwenye kofia kuukuu akasimama kwenye ua. Alikuwa mpagazi mwenzake, wa kijiji kimoja, walikula chungu kimoja safari nzima. Wenzao waliamua kurudi Tabora, naye alikuwa anapita mlimani kumtafuta ndugu yao. Alimtazama machoni, karibu kabisa, akamuuliza kwa Kiswahili cha polepole, kile cha kuongea na mgeni, kama anamjua Mnyamwezi mmoja anaitwa Mihambo.

Njia ya kwenda kwao ilikuwa imesimama pale uani, ina miguu na kofia. Nyuma yake mwenyewe migomba, na watoto wanamwita baba.

"Alikufa," akasema.

Mwenzake akavua kofia, akainama. "Pole, ndugu. Alikuwa mtu mzuri."

"Asante," akajibu. "Nilimfahamu kidogo."