Watu Watano Ndani ya Pijo

Jumatano usiku sikulala. Basi la Dar es Salaam lilikuwa limekwama ng'ambo ya Rufiji, na kondakta wake alibeba bushi nne za Pijo, gari la Mzee Mfaume, vile vipira vyenye chuma katikati vinavyokaa kwenye mikono ya magurudumu ya mbele.

Binti yangu Helena alijifunza ufundi gereji ya ushirika, Lindi. Ikafungwa, akarudi Kivinje na spana saba. Mzee Mfaume alikuwa amemwambia: gari likiacha ule mlio wa kugonga kwa mbele kabla ya Ijumaa, atampa ghala tupu lililo jirani na kwetu afungue gereji. Lisipoacha, ghala atampa muuza mitumba. Mwaka 1993 kila mlango uliofungwa ulikuwa na mtu anayeutaka.

Basi liliingia Alhamisi asubuhi. Helena akaichoma mipira iliyokwisha hadi ikatoka kwenye vyuma, akaingiza mipya kwa boliti ndefu na povu la sabuni. Nilikagua mawe chini ya jeki mara tatu. Kila alipoingia uvunguni, nilishika jeki kwa mikono miwili.

Kisha akashusha gari juu ya shimo alilochimba uani, nati bado zimelegea.

"Mbona hujakaza?"

"Mama, mwaka jana nilikaza gari likining'inia. Liliposhuka, vipira vikajisokota, wiki mbili vikachanika. Leo nakaza likiwa limebeba watu. Ingia, uite na majirani."

Bertha muuza maandazi akaja na unga mikononi, kisha Mwahija na mumewe. Tukawa wanne. Mzee Mfaume akatokea.

"Shikamoo, mzee," Helena akasema kutoka shimoni.

"Marahaba. Mama Helena, hii gereji au harusi?"

"Panda, mzee, umebaki wewe."

"Bertha peke yake si anatosha?"

"Ndiyo maana tumekuachia nafasi ya mifupa," Bertha akamjibu.

Mzee akakaa kwenye usukani. Pijo likazama. Chini ya miguu yangu spana ililia, mwanangu akihema.

Helena akatoka, vumbi hadi kwenye kope. "Washa, mzee."

Tukaenda hadi boma na kurudi, tukipita kila shimo. Nilikuwa nimeushika mkono wa Bertha, nikisubiri ule mlio niliouzoea, ngo, ngo. Haukuja. Shimo la mwisho, lile la sokoni, halikutoa hata mlio.

Mzee akasimamisha gari mbele ya ghala, akashuka, akachomeka ufunguo kwenye kufuli. Kufuli likagoma. Helena akaja na chupa ya oili, akalidondoshea matone mawili, likafunguka.

Mlango ukaburuza mchanga, popo wakatoka wakitupita juu ya vichwa.