Chuchu Mbili za Ndama

Kwa miaka tisa Qamara, daktari wa mifugo pale Ganako, alikuwa akipokea wanafunzi wa chuo waliokuja kujifunza kutibu ng'ombe wa maziwa. Walikuja na magambuti mapya, wakakaa wiki nane, wakala viazi vyake, wakaondoka wakiahidi kupiga simu. Walipiga, Krismasi tu. Tangu mkewe Brigita afariki, nyumba ya vyumba vinne ilikuwa na kikombe kimoja mezani, na Qamara hasira zake alizimalizia kwa kugombana na redio.

Safari hii aliletewa Nareyu, binti wa wafugaji wa Ngorongoro. Siku ya kwanza Qamara alinyoosha mkono amsalimie. Binti akainamisha kichwa, akisubiri kuguswa utosini kama Wamaasai wanavyosalimia wazee wao. Qamara, mzee wa Kiiraqw aliyezoea kushikana mikono, akabaki na mkono hewani. Baadaye alicheka peke yake jikoni.

Nareyu alikuwa na mkono mwepesi. Siku moja alipima mimba ng'ombe sita, asikosee hata mmoja. Kila asubuhi alimkamua Dora, ng'ombe aliyeachwa na Brigita, huku akiimba kwa Kimaasai, na Dora akaachia maziwa ambayo hakuwahi kuyaachia tangu msiba. Qamara akaanza kunyoa ndevu. Akaanza hata kuwaza: huyu angebaki, akaushika mkoba wa dawa! Bega lake lilikuwa limeshachoka.

Wiki ya saba akaenda Mang'ola siku mbili kutibu mbuzi wa watu. Aliporudi, kiwele cha Dora kilikuwa kimevimba upande mmoja, kina joto, na maziwa yanatoka mabonge.

"Umekamuaje?"

"Chuchu mbili, mzee. Mbili nikamwachia ndama, nikamfungulia mlango, nikaenda kufua. Nyumbani ndivyo tunavyofanya."

"Ndama huyu anakunywa kwenye ndoo tangu azaliwe! Chuchu ataijulia wapi? Maziwa yamelala humo siku mbili!"

Nareyu aliziba uso. "Darasani nalijua hilo, mzee. Ulipoondoka, mikono ikafanya ya nyumbani."

Hakuna aliyemwambia la kufanya. Kwa siku tatu alikanda kiwele kwa maji ya moto, akatia dawa, akakamua uchafu kila baada ya saa mbili, chakula akikila huko huko bandani. Siku ya nne maziwa yakatoka meupe.

Fomu ya chuo iliuliza mwishoni: je, mwanafunzi anaweza kufanya kazi bila msimamizi? Kama Qamara angeandika hapana, Nareyu angeongezewa wiki nane hapo hapo Ganako. Na sababu alikuwa nayo, tena ya kweli. Nani angemlaumu? Siku mbili aliizunguka fomu ile kama mwizi. Aliutaka ule wimbo wa asubuhi, alikitaka kikombe cha pili mezani, na aliona aibu kwa jinsi alivyovitaka. Siku ya tatu akaandika ndiyo, akapiga sahihi haraka kabla hajabadili mawazo.

Bodaboda ilipofika, Nareyu aliinamisha kichwa. Mara hii Qamara alijua pa kupeleka mkono, na aliuacha pale muda mrefu kidogo kuliko desturi.

Kesho yake Dora alibana maziwa. Qamara alimpa pumba, akamkanda, akamtukana. Wapi! Mwishowe alichungulia uani kwa jirani yake Selestina, akaona hakuna mtu, akaanza kuimba puani wimbo wa Nareyu, maneno hayajui na sauti imekwaruza. Dora akageuza shingo kuangalia mlangoni.

"Hayupo," Qamara alimwambia. "Ni mimi tu."

Akaendelea kuimba puani. Maziwa yakaanza kushuka kidogo kidogo, naye akakamua chuchu zote nne hadi tone la mwisho, polepole, maana ndani ya nyumba hakukuwa na mtu aliyemngoja.