Boti Iliyokwama kwenye Foleni ya Malori

Nikisema nimeona aibu nyingi maishani, wengi mtadhani natania, lakini ile ya kukwama na boti katikati ya Tunduma, mji usio na ziwa wala mto wa maana, mbele ya baba mkwe wangu na madereva wa nchi nne, hiyo naisimulia leo kwa sababu tu wenyewe mmeshaisikia kwa watu wengine na wameitia chumvi.

Boti niliinunua kwa mkandarasi mmoja wa barabara aliyekuwa akifunga kambi yake. Ya faiba, nyeupe, imekaa juu ya tela lake lenye magurudumu mawili, na mimi muuza vipuri vya malori nikajiona tayari nasafirisha samaki na abiria Ziwa Rukwa. Miezi michache ikaenda vizuri. Ikaja miezi ya upepo, mawimbi yakawa makali, wavuvi wakaniambia nitoe boti majini niitafutie pa kulala mpaka ziwa litulie.

Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kutangatanga. Nilikwenda kuangalia ufukweni, chini ya miti, nikaona nyayo za kiboko zimepita katikati kabisa ya pale nilipotaka kuiweka. Nikaenda Vwawa kuangalia godauni la kahawa, zuri, lina mlinzi, lakini mbali na maji, na mwenye godauni alitaka tuiegemeze ukutani kwa ubavu kama baiskeli. Mwisho nikampata Masanja, mfugaji wa huko bondeni Momba, aliyehamia na ng'ombe wake miaka ya nyuma. Alikuwa na banda kubwa la mpunga, limeezekwa bati, liko mwinuko, na mpunga wenyewe ulikuwa bado shambani. Akaniambia, "Lete hapa, Baba Zuhura. Mpaka tuvune, banda ni lako."

Kuzidi pale utataka nini? Dereva wangu Kessi akaiingiza boti bandani kinyumenyume, tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukachomoa kizibo cha chini ili maji yasituame, tukafunika turubai, tukaondoka.

Sikukaa siku tatu. Nikiwa dukani nauza fani beliti, naona mchwa wanapanda tela. Nikila, naona ng'ombe wanakuna pembe kwenye faiba. Nikawa nampigia Masanja simu asubuhi, mchana na jioni (na maskini alikuwa lazima apande kichuguu ili apate mtandao), mpaka siku moja akanijibu kwa upole kabisa, "Baba Zuhura, boti imelala. Ikiamka nitakupigia mimi."

Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nikaamua niilete nyumbani Tunduma, niwe naiona dirishani. Uamuzi mdogo tu, nilioufanya nimesimama, mkononi nina kikombe cha chai.

Siku ya kuifuata Kessi alikuwa na malaria. Mke wangu Rehema akasema ningoje apone. Nikamwambia kuvuta tela si kazi, na hapo hapo baba yake, Mzee Silwimba, aliyekuwa ametutembelea, akasema atanisindikiza kwa kuwa hajawahi kuona boti ikipanda mlima. Sasa niwaambie jambo ambalo Rehema mwenyewe hakulijua. Wakati naposa, mzee huyu (Mnyamwanga mkimya, anayekutazama mpaka umalize uongo wako wote) aliniuliza nimefanya kazi gani, nikasema nilikuwa dereva wa semi-tela, Dar mpaka Lubumbashi. Ukweli ni kwamba nilikuwa utingo. Miaka miwili nilifunga turubai na kuchemsha chai, usukani nikiuona kwa upande wa kushoto.

Kwenda mbele hakuna shida, gari linavuta na tela linafuata. Tulipanda kutoka bondeni mpaka Mlowo, tukapita Vwawa watu wakitupungia mikono, na mzee akawa anatabasamu kidogo kidogo, nami nikajisikia dereva kweli, hata kiwiko nikakitoa dirishani.

Tunduma tukaikuta foleni ya malori ya mpakani. Kona ya kuingia mtaani kwangu ilikuwa imezibwa na lori la mafuta, askari wa barabarani akanipungia nisogee mbele, nikasogea, nikadhani nitageuza mbele kidogo. Nyuma yangu likaingia lori la Kizambia, kushoto lori, kulia vibanda vya mitumba, na foleni ikawa inatusukuma polepole kwenda getini. Boti yangu ilikuwa inahama nchi bila karatasi hata moja.

Dereva Mzambia akashuka, mpole tu, akaniambia, "Bwelela ku numa, boss," huku mkono wake ukionyesha nyuma. Akasogeza lori lake anipe nafasi, na lile la mafuta lilikuwa limeshaondoka konani. Mzee Silwimba akasema, "Haya, rudi. Nafasi hiyo inatosha semi-tela."

Nikaweka rivasi. Nikakata usukani kushoto, tela likaenda kulia. Nikakata kushoto zaidi, likajikunja kama kisu cha kukunja. Nikaenda mbele, nikarudi, nikaenda mbele tena, jasho linaingia machoni, watu wameanza kusimama juu ya matairi ya malori wapate kuona. Mara ya nne nikakanyaga mafuta kwa hasira, tela likapanda ukingo wa mtaro, kamba ikakatika, na boti ikateleza taratibu, kwa heshima zake zote, ikalala barabarani mbele ya mama mmoja muuza viatu. Yule mama akaitazama, akanitazama, akauliza, "Sasa baba, abiria wanapandia wapi?"

Malori yakaanza kupiga honi. Wanaume kama ishirini wakaja, wakaiinua boti begani kama wanapeleka jeneza, na kuna mpuuzi mmoja akaanzisha wimbo wa mazishi, wengine wakaitikia. Wakairudisha juu ya tela. Lakini tela lenyewe bado lilikuwa limekaa mkao wa ajabu.

Ndipo akatokea mzee mmoja kutoka lori la tatu, amevaa kofia ya sufu. Sikuhitaji kumtazama mara mbili. Alikuwa dereva niliyemtumikia ile miaka miwili.

"Athumani," akasema. "Sogea."

Akaingia, akaweka mkono mmoja tu kwenye usukani, akarudisha gari na tela mpaka kwenye kona yangu kama anayechora mstari. Akashuka, akampa Mzee Silwimba mkono, akasema kwa mapenzi kabisa, "Huyu alikuwa utingo wangu. Kijana mwaminifu sana. Usukani sikuwahi kumpa, lakini kwa kufunga turubai hana mpinzani."

Mzee Silwimba akashukuru. Tukaingia ndani ya gari. Akafunga mlango, kisha akauliza, "Baba Zuhura, Lubumbashi ulikuwa unafika mara ngapi?"

"Nilikuwa nafika, baba," nikasema. "Upande wa kushoto."

Sikumwona kama alicheka, kwa sababu nilikuwa natazama geti langu, ambalo siku zote hizo sikukumbuka kulipima, na tela lilikuwa limelizidi upana.

Boti ikalala nje, barabarani, watoto wa mtaa mzima ndani yake. Kesho yake asubuhi Mzee Silwimba akanywa uji, akavaa viatu, akasema tunairudisha kwa Masanja. Nikampa ufunguo. Akaukataa. "Endesha wewe. Mimi ujana wangu nimevuta tela la trekta shamba la kahawa. Nitakuelekeza."

Kule bondeni, kwenye uwanja mkavu mbele ya banda, alinifanyisha rivasi tangu saa nne mpaka adhuhuri, yeye akitembea nyuma ya boti na fimbo yake. "Taratibu. Unapotaka iende kushoto, usukani peleka kulia. Usiikimbilie, ingoje." Masanja na familia yake walileta vigoda wakakaa kutazama. Nilipoiingiza bandani hatimaye, wakapiga makofi.

Usiku wa kurudi nilimweleza Rehema habari yote ya utingo mimi mwenyewe, kabla hajaelezwa na mtu. Siku mbili chakula aliniwekea upande wa kushoto wa meza.

Tangu hapo nimeapa: kitu nikishakipatia mahali pazuri, nakiacha hapo hapo, na moyo ukianza kunisumbua nautafutia kazi nyingine. Ni kiapo cha kweli. Ila mwezi uliopita nimenunua jenereta la duka, na mpaka leo nimeshalihamisha mara mbili.