Siku Niliyoizamisha Manuari ya Mamluki

Nikiwaambieni kwamba baba wa mchumba wangu alinikuta nimelala kifudifudi sakafuni bandarini Mutsamudu, kanzu imepanda hadi magotini, nikimzomea mamluki wa kizungu, mtasema nazua, na kwa miaka mingi nilitamani sana iwe nimezua.

Nianze na mchezo wenyewe, maana bila huo hamtaelewa kitu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu Moroni, nikiishi Ikoni, mzaliwa wa Unguja kwa wazazi wa Kingazija (ndiyo maana Kifaransa changu kinachechemea hadi leo), na rafiki yangu mkubwa alikuwa Ahmada, sonara wa Mutsamudu, ambaye mhandisi mmoja Mfaransa aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kijitabu cha kanuni za kupigana vita vya baharini kwa meli ndogondogo. Ahmada akazichonga kwa mbao, kila moja urefu wa kidole, mizinga yake njiti za kiberiti. Unazipanga sakafuni, unapima masafa kwa kamba yenye mafundo, unarusha dadu kujua kombora limepata au limekosa. Lakini utamu hauko kwenye dadu. Utamu ni kwamba kila mmoja anaandika amri zake kwa siri, halafu mnafunua pamoja, na ukishaandika "geuka kushoto" utageuka kushoto hata kama huko kuna mwamba, kwa hiyo unakaa unatoka jasho ukijaribu kuingia kichwani mwa mwenzako, na saa tatu zinapita hujui. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu na sikuona haya.

Basi wakati ule mamluki ndio waliokuwa wameishika nchi, nami nilikuwa nakwenda kwa boti hadi Mutsamudu, kisiwa cha pili, kujitambulisha kwa Mzee Bakari, muuza vitambaa, baba yake Zainaba (Zainaba ni binamu yake Ahmada, ndivyo nilivyomjua). Kanzu mpya, haluwa ya zawadi mkobani, na chini ya haluwa manuari zangu tatu, kwani nilipanga kumpitia Ahmada jioni. Boti ilikuwa inakwenda polepole, nikajisemea, kwa nini nisiandike amri zangu za kwanza humu humu, tusije tukapoteza muda. Nikaandika kwa Kifaransa, kama kijitabu kilivyo (Mirontsy ni mji jirani wa Mutsamudu): "Alfajiri. Manuari tatu zitoke nyuma ya Mirontsy. Mbili zipige ngome. Moja izibe bandari." Nikakunja karatasi, nikaitia mkobani.

Bandarini kulikuwa na ukaguzi. Karani akaiona karatasi, akaisoma mara mbili, akampelekea mzungu mmoja mwenye sare nyeusi na bastola kiunoni aliyekaa kivulini. Mzee Bakari na wazee wanne walikuwa hatua ishirini tu, wananisubiri wakitabasamu, nami nikainua mkono kuwapungia, mzungu akaushika mkono ule ule akaingia nami chumbani.

Hapo ndipo nilipoanza kutoelewa. Mzungu anauliza kwa Kifaransa, karani anafasiri, mimi nasikia nusu huku na nusu kule.

"Meli ngapi?"

"Sita," nikasema, kwa sababu ni sita.

"Ziko wapi?"

"Tatu zimo mkobani, tatu anazo Ahmada sonara."

Karani akanitazama. "Mkobani?"

"Chini ya haluwa."

"Kamanda nani?"

"Mara iliyopita alikuwa Ahmada. Leo zamu yangu."

Nilidhani nasaidia. Haikupita nusu saa Ahmada akaletwa kwa jipu, koleo la kazi bado mkononi, na bati la biskuti lenye manuari zake kwapani.

"Umewaambia nini?" akaninong'oneza.

"Ukweli."

"Basi tumekwisha."

Nje (haya niliyajua baadaye) wapagazi na wauza samaki walikuwa wamejaa, mmoja anasema nimekuja kupindua serikali, mwingine anasema nimeshakufa, na Mzee Bakari, ambaye hata jina langu kamili alikuwa halijui, amewaongoza watu kunisomea Yasini juani.

Ndani, mzungu alizipanga manuari zote sita mezani. Akanyanyua moja, akapitisha kidole juu ya bomba la moshi, akasema kitu. Karani akafasiri kwa mashaka: "Anasema hii ina mizinga mingi mno nyuma."

Tukatazamana na Ahmada. Sikujua kama hilo nalo ni shtaka. Kisha mzungu akapiga magoti sakafuni, akajichukulia meli tatu za Ahmada, akanisukumia zangu, akaomba kamba.

Hadi leo sijui alikuwa ananihoji au anacheza. Nikafikiri, nikishinda nitapigwa risasi; nikafikiri tena, nikishindwa atasema naficha ujuzi. Nikacheza hivyo hivyo. Lakini raundi ya nne akaandika amri ya kugeuka kaskazini, nami nilikuwa nimebahatisha kwamba atageuka kaskazini, nikawa namsubiri na mizinga yote ya ubavuni, na nawaapia, nilisahau. Nilisahau sare, nilisahau bastola, nilimsahau hata Zainaba. Nikalala kifudifudi nipime masafa, naye akalala kando yangu kuhakiki, nikarusha dadu, ikaja sita, nikapiga sakafu kwa kiganja na kusema kwa sauti, "Zama na watu wako wote." Ahmada akaangua kicheko, na mlango ukafunguka.

Mzee Bakari alikuwa ameruhusiwa kuja kuniombea. Tasbihi mkononi, macho mekundu. Akanitazama pale chini, akamtazama mzungu tuliyelala naye ubavu kwa ubavu.

"Kwezi, Baba," nikamwamkia kutoka sakafuni.

Akaufunga mlango taratibu, kama mtu aliyekosea nyumba.

Tulipoachiwa na kurudishiwa meli zetu, umati ulinipisha njia. Waliokuwa wakiniombea sasa wananiogopa, maana neno lilikuwa limeshatoka kwamba mimi ni rafiki wa mamluki, mwenye duka mmoja akaniachia kiti chake bila kuombwa, na hakuna aliyenitazama machoni. Nikaenda kwa Mzee Bakari, nikawaeleza wazee kamba, dadu, amri za siri, na nadhani walikuwa wanaanza kunielewa, sinia la wali limeshawekwa, ndipo jipu likasimama mlangoni na dereva akauliza kama mwalimu anaweza kuja Alhamisi, na aje na meli zake. Mzee Bakari akasimama, akaenda zake ndani bila kutia tonge mdomoni.

Karibu mwaka mzima sikupata jibu la posa. Kisha siku moja akaja Moroni kwa biashara zake, akanifuata darasani, akaketi kwenye dawati la wanafunzi.

"Siku ile pale chini," akasema, "nani alishinda?"

"Mimi, Baba."

"Alikasirika?"

"Alivunja penseli."

Akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika, nami nikashindwa kujua analia au anacheka. "Mwezi wa Maulidi njoo na wazee wako," akasema. "Na mkobani usitie karatasi."

Nilimuoa Zainaba, na mchezo sikuuacha, siwezi kuwadanganya. Lakini niliapa kwamba sitaandika tena jina la mji wa watu kwenye amri, na kwamba kabla sijalala kifudifudi kupima masafa, kwanza nitatia komeo mlangoni.