Togwa kwa Wenye Mapanga

Juzi nilimkuta Mama Rehema, jirani yetu wa zamani pale Mtendeni, akimwagilia mchicha kwenye viroba. Papo hapo nikasikia harufu ya mabua mabichi.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, tumehamia mjini karibuni, wanaume watano wa manispaa waliingia na mapanga kwenye mahindi ya mama, nyuma ya nyumba. Kwetu Ipole, kijijini tulikotoka, watu wakija shambani kwa kundi wamekuja kusaidia, na mtoto huwapelekea togwa. Nikawapelekea. Walipokezana kata, wakacheka, kisha wakaendelea kufyeka. Mama alitoka mbio akamshika mmoja mkono. Yule akampiga usoni kwa ubapa wa panga, naye akaanguka juu ya mabua, damu ikimtoka mdomoni.

Mama Rehema alisimama mlangoni kwake. "Mjini si shamba, Mama Neema," alisema. "Mahindi yanaficha wezi." Kwamba ndiye aliyewaita, nilijua ukubwani.

Nilingoja kupigwa. Mama hakunigusa. Aliichukua ile kata waliyonywea, akaipasua ukutani.

Juzi Mama Rehema aliniambia, "Chuma, mwanangu, umpelekee mama." Nikang'oa wote, na mizizi yake.