Kioo cha Sebuleni

Nyumba tuliyokulia mjini Nakuru ilikuwa ya mbao na mabati, ya enzi za walowezi, na ilikuwa na veranda ambayo mama aliipiga deki kila asubuhi. Siku moja muuzaji wa mitumba alitundika koti moja kwenye ua wetu. Mama akaendelea kupiga deki. Baada ya mwezi ua haukuonekana tena, na suruali zilikuwa zimepanda ngazi hadi kwenye veranda. Mama akatoka na fagio. Muuzaji akaomba msamaha kwa heshima zote, kisha akasogeza suruali mbili.

Halafu mwanamume tusiyemjua akafungua mlango wetu, akasimama mbele ya kioo kirefu cha mama na kuvua suruali. Tulikuwa tunakunywa chai.

"Pole mathe," akasema, "nimeambiwa watu wanajaribia huku."

Nilisimama nimtoe. Mama aliweka kikombe chini na kukaza macho kwenye picha ya marehemu baba hadi yule bwana alipomaliza kuvaa.

"Haya, geuka nione nyuma." Akageuka. "Hapana. Hiyo imekubana. Mwambie akupatie ile ya kijivu."

Tangu siku hiyo sebule haikuwa yetu. Muuzaji alinilalamikia kwamba mama anamwangusha, maana alikataa suruali tatu ndipo akubali moja. Mimi niliona aibu tupu. Mama naye akaanza kuvaa sketi ya kanisani hata Jumanne.

Kisha mwenye ploti akauza. Nilimwambia mama ahamie kwangu Lanet, nilikokuwa nikiishi wakati huo, akakataa katakata.

"Na hawa watu nani atawaangalia?"

Tingatinga lilipofika, alitoka na kioo tu, muuzaji akiwa ameshika upande wa pili. Mbao zilipoanza kuvunjika nililia, mimi niliyeionea aibu nyumba ile. Kabla ya saa sita muuzaji alikuwa ameshahamia ng'ambo ya barabara.

Kwangu kuna vigae, na kimya kingi. Mama alikaa wiki nzima akitazama ukuta, nikaogopa sana. Mwishowe aliomba kioo kiwekwe karibu na mlango.

Juzi fundi wa stima alikuja kutengeneza soketi. Mama akainuka kitini.

"Simama hapo kwa kioo."

Fundi akanitazama. "Boss, kwani nimefanya nini?"

"Geuka tu," nikamwambia. "Aone nyuma."